Nikitafuta makala napata sifuri au maelfu: nakosea wapi?

SWALI

Shikamoo mkutubi. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu matumizi ya simu usiku na usingizi wa vijana. Maktaba imetupa nywila za kuingia kwenye hifadhidata za makala, lakini kila nikiandika swali langu kwenye kisanduku naambiwa hakuna kitu. Nikipunguza maneno yanakuja makumi ya maelfu, na ukurasa wa kwanza hauna hata moja ninayoitaka. Mwenzangu anasema niachane nazo nitumie Google Scholar tu. Tena amenipa orodha ya makala alizopewa na programu ya akili mnemba, na mbili kati ya hizo sizioni popote. Nakosea wapi?

JIBU

Marahaba. Unakosea mahali pamoja tu, na mengine yote yanatokana na hapo. Unaiuliza hifadhidata swali, na yenyewe haijui kujibu maswali. Inachojua ni kulinganisha herufi. Ukiandika sentensi yenye maneno kumi na mawili, inakwenda kutafuta makala yenye maneno hayo yote, na kwa kuwa hakuna mwandishi aliyechagua maneno yale yale uliyoyachagua wewe, unarudishiwa sifuri. Ukibakiza neno moja, sleep, inakuletea kila aliyewahi kuliandika, awe anazungumzia usingizi wa vijana, wa nyuki, au wa mgonjwa aliyepigwa nusu kaputi. Siku hizi baadhi ya hifadhidata zimeongezewa uwezo wa kupokea swali zima, na si vibaya kujaribu. Lakini siku msimamizi wako atakapokuuliza ulitafutaje, "niliiuliza ikanijibu" haitakuwa jibu.

Kwa hiyo usihangaike kulipamba swali. Hangaika kujua wale walioandika makala hizo walitumia maneno gani. Hao ni watu usiowajua, kila mmoja aliandika kwa mazoea ya fani yake na ya nchi yake, na hakuna aliyekuwa anakufikiria wewe.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, David Blair na M. E. Maron, walichapisha jaribio ambalo sisi wakutubi hatujaacha kulisimulia. Mawakili waliokuwa wakijiandaa kwa kesi kubwa walikuwa na nyaraka zipatazo 40,000, kurasa kama 350,000, zimeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa STAIRS. Walitaka wapate angalau asilimia 75 ya nyaraka zilizohusu kila jambo walilolitafuta. Walitafuta, wakabadili maneno, wakarudia, hadi wakaridhika kwamba wamezipata. Blair na Maron walipokagua walikuta kwamba kwa wastani walikuwa wamepata asilimia 20. Moja katika kila tano. Kesi ilihusu ajali, na waliotafuta walitafuta ajali. Lakini baadhi ya waliohusika, ambao hawakuwa na hamu ya kuiita ajali, kwenye barua zao waliandika "tukio", "hali", "tatizo", "ugumu". Kompyuta haikuwa na kosa. Iliombwa ajali, ikaleta ajali.

Uone jambo moja hapo: mawakili wale hawakupata sifuri. Walipata kitu, kikawatosha macho. Sifuri inakwambia wazi kwamba umekosea na unarudi kujaribu tena. Mimi huogopa zaidi yale matokeo thelathini yanayoonekana mazuri, mtu akayapakua yote na kufunga kompyuta.

Sasa tuje kwenye maneno yako. Umesema "vijana". Kwa Kiswahili kijana anaweza kuwa na miaka kumi na mitano, anaweza kuwa na thelathini na ana watoto wawili. Bila shaka ulilitafsiri ukaandika youth. Makala nyingi za usingizi hazitumii neno hilo. Zinaandika adolescents. Kwenye MeSH, ile orodha ya istilahi rasmi za tiba inayotunzwa tangu 1960 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, Adolescent ni mtu wa miaka 13 hadi 18, na wa miaka 19 hadi 24 wana jina lao lingine, Young Adult. Kwa hiyo kabla hujabofya chochote amua vijana wako ni wa umri gani. Ukishaamua, nusu ya tatizo lako la "makumi ya maelfu" itakuwa imeondoka.

Na "simu"? Waingereza waliandika mobile phone, Wamarekani cell phone, halafu zikaja smartphone, na wapo walioona simu ni sehemu tu ya jambo kubwa zaidi wakaandika screen time, electronic devices au electronic media. Ipo makala inayohusu mada yako kwa asilimia mia na kwenye kichwa chake hakuna neno simu la aina yoyote. Hata "usiku" wako wengine wanauita bedtime.

Huwezi kuyajua yote haya kwa kukaa na kamusi. Wengi wetu hapa ndipo tunapopoteza muda: tunajaribu kutunga utafutaji mzuri kichwani kabla ya kuona hata makala moja. Fanya kinyume. Tafuta vibaya kwanza, makusudi. Andika maneno matatu tu: smartphone sleep adolescents. Usijali idadi ya matokeo. Pitisha macho kwenye kurasa mbili za mwanzo ukitafuta makala moja, moja tu, ambayo ukisoma kichwa chake unasema ndiyo hii.

Ukiipata, usikimbilie kupakua. Bofya kichwa chake ufungue ukurasa wa taarifa zake, ule wenye majina ya waandishi, jarida, mwaka na ikisiri. Chukua karatasi, chora safu tatu: simu, vijana, usingizi. Soma kichwa cha makala na ikisiri polepole, na kila neno linalomaanisha simu liandike kwenye safu ya simu, hata kama ni la kuchekesha. Kisha shuka chini ya ikisiri. Hapo kwa kawaida kuna makundi mawili ya maneno. La kwanza ni maneno muhimu aliyoyachagua mwandishi mwenyewe. La pili ni istilahi za mada zilizowekwa na hifadhidata. Yote nakili. Rudi, fungua makala ya pili iliyo karibu na mada, fanya vivyo hivyo. Kwa uzoefu wangu, ukifika ya nne au ya tano karatasi inaacha kukua, na hapo ndipo uko tayari kutafuta kweli. Kazi hii haizidi nusu saa. Mwanafunzi mmoja niliyekaa naye alinuna nilipomtaka achore safu kwa kalamu wakati kompyuta iko wazi mbele yake. Alipoona neno electronic media limejitokeza kwenye makala tatu mfululizo, neno ambalo hakuwahi kuliwaza, akageuza karatasi na kuanza upande wa pili.

Lile kundi la pili la maneno linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu wengi hulipita kama tangazo la biashara. Istilahi za mada ni jaribio la kumaliza tatizo la wale mawakili. Waandishi waseme watakavyo, ila hifadhidata inachagua jina moja na kulibandika kwenye kila makala inayohusu jambo hilo. Kwenye MeSH saratani inaitwa Neoplasms, na mshtuko wa moyo unaitwa Myocardial Infarction, hata kama mwandishi ameandika heart attack kutoka mwanzo hadi mwisho. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, inakusaidia: ukiandika heart attack bila alama zozote, yenyewe inaongeza ile istilahi rasmi. Msaada huo unakoma ukiweka neno ndani ya alama za kunukuu au ukilibandika kinyota (*), na wengi hawajui, kwa hiyo wanashangaa matokeo yanapungua ghafla. ERIC, ambayo ni hifadhidata ya elimu, ina orodha yake yenyewe, tofauti na ya tiba. Usidhani istilahi ya huku itafanya kazi kule.

Istilahi hizi ni nzuri lakini si msahafu. Zamani kila makala ilisomwa na mtu kabla ya kupewa majina. Kwa makala za MEDLINE, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya PubMed, tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na kompyuta huku watu wakikagua. Majina yenyewe hubadilika: Maktaba ya Bunge la Marekani iliyaita mapishi Cookery kwa miaka mingi, ikaja kubadili kuwa Cooking mwaka 2010. Na makala iliyoingia wiki iliyopita huenda bado haijabandikwa chochote. Kwa hiyo ninachanganya: istilahi rasmi na maneno ya kawaida, kwenye mstari mmoja.

Sasa nenda kwenye utafutaji wa kina, ule wenye visanduku kadhaa vilivyopangana kimoja chini ya kingine. Kila safu ya karatasi yako inapata kisanduku chake. Cha kwanza:

smartphone* OR "mobile phone*" OR "cell phone*" OR "screen time" OR "electronic media" OR "electronic device*"

Cha pili:

adolescen* OR teen* OR "young people" OR "high school student*"

Cha tatu:

sleep* OR insomnia OR bedtime

Katikati ya visanduku acha AND, ambayo kwa kawaida imeshawekwa. Basi. Hakuna does, hakuna affect, hakuna impact. Maneno ya uhusiano kama "athari" yaache nje kwanza, maana kila mtafiti ana lake: effect, association, influence, role, na mwingine anasema tu vijana wanaolala na simu wanalala saa chache. Ukiweka impact unamfukuza huyu wa mwisho, na pengine ndiye uliyekuwa unamtafuta.

AND na OR zinawapotosha watu kwa sababu ya lugha ya kila siku, si kwa sababu ni ngumu. Tunaposema "niletee kalamu na daftari", neno "na" linaongeza vitu mkononi. Kwenye hifadhidata AND inapunguza. Inasema: nipe zile tu ambazo zina hili na pia lile, kwa pamoja, ndani ya makala moja. OR ndiyo inayoongeza. Mantiki hii ni ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefariki 1864, aliyeandika haya kabla ya kompyuta yoyote kuwapo, na ndiyo maana inaitwa ya Boole hadi leo. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba maneno ndugu yanakaa chumba kimoja kwa OR, na vyumba vinaunganishwa kwa AND. Na uziandike kwa herufi kubwa. PubMed inadai hivyo, na kwingineko hakuna hasara.

Kwa nini visanduku vitatu na si mstari mmoja mrefu? Kwa sababu ukiandika teen* OR adolescen* AND sleep* kwa mfululizo, hifadhidata nyingi zinaanza na AND. Utapata adolescen* zenye sleep*, kisha juu yake kila makala duniani yenye teen*, ziwe za usingizi au za kuendesha gari. PubMed yenyewe inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mstari ule ule unatoa matokeo mengine kabisa. Mabano yanatibu tatizo hili, lakini mabano husahaulika, na moja likikosa mwenzake hakuna anayekwambia. Visanduku vinakufanyia kazi ya mabano.

Kuna neno la tatu, NOT, na hilo nakuomba uliogope. Niliwahi kumtafutia mwalimu mmoja makala kuhusu watu wazima. Matokeo yalijaa watoto, nikaweka NOT children, orodha ikawa safi, nikampelekea kwa fahari. Wiki mbili baadaye akanijia na makala aliyopewa na mtu mwingine, nzuri kuliko zote nilizompa. Ilikuwa inalinganisha watu wazima na watoto. Neno children lilikuwa kwenye ikisiri, na mimi ndiye niliyeitupa nje kwa mkono wangu. Kwako wewe, NOT adults itafukuza kila ikisiri inayosema "adolescents and young adults". Natumia NOT labda mara mbili kwa mwaka.

Kinyota ni cha kupokea mikia ya neno: adolescen* inapokea adolescent, adolescents na adolescence. Angalia unakikata wapi. Ukiandika cell* ukidhani unapata simu, kwenye hifadhidata ya tiba utazikwa na seli za mwili, za damu, za ubongo na za saratani. Hata cell phone bila alama za kunukuu ina hatari hiyo hiyo, maana baadhi ya mifumo inachukua cell popote na phone popote, mradi yote yamo. Alama za kunukuu ndizo zinazoyafunga maneno mawili yakae jirani. Kinyota ndani ya alama hizo kinakubalika karibu kila mahali, na pale kinapogoma andika umoja na wingi kila kimoja peke yake. Kinyota pia kinasaidia tofauti za tahajia: behavio* inachukua ya Waingereza na ya Wamarekani kwa pamoja.

Nikiwa hapo hapo, kinyota kilibuniwa na watu ambao maneno yao hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani: mtoto, watoto, kijana, vijana, ulalaji, kulala, wanalala. Hifadhidata nyingi hazikubali kinyota mwanzoni mwa neno. Siku ukitafuta makala zilizoandikwa kwa Kiswahili, usitegemee nyota. Andika kijana OR vijana OR ujana, na uwe mvumilivu.

Chombo ambacho watu hawakijui, na mimi nakipenda kuliko vyote, ni alama ya ukaribu. Inasema neno hili liwe umbali wa maneno kadhaa kutoka lile, kwa mpangilio wowote. Kwenye EBSCOhost, jukwaa lenye hifadhidata nyingi ndani yake, ukiandika phone* N5 bed* utapata "phone use before bed", "using phones in bed", "phones in the bedroom", na hutaletewa makala inayotaja simu mwanzoni na vitanda vya hospitali kurasa kumi baadaye. Ina ulegevu ambao alama za kunukuu hazina, na ina nidhamu ambayo AND haina. Ila kila kampuni ina alama yake: ProQuest ni NEAR/5, Scopus ni W/5. Ukihamisha utafutaji wako kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine, hamisha maneno, kisha ufungue ukurasa wa msaada na kubadili alama. Ukisahau, mfumo mwingine unaweza kuichukua N5 kama neno la kawaida na kuitafuta. Hapo ndipo sifuri nyingi huzaliwa.

Ikiwa bado matokeo ni mengi mno, kabla ya kuongeza neno angalia unatafuta ndani ya nini. Pembeni ya kila kisanduku kuna orodha ya kushuka: maandishi yote, kichwa, ikisiri, mada, mwandishi. Kama iko kwenye maandishi yote, neno sleep lililotokea mara moja kwenye tanbihi linaihesabu makala hiyo kuwa yako. Badili iwe ikisiri, au kichwa na ikisiri kama nafasi hiyo ipo. Mara nyingi idadi inaanguka vibaya sana, na unachopoteza ni kidogo, kwani mwandishi aliyechunguza usingizi lazima autaje kwenye ikisiri yake. JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, ndiyo inayowachosha wengi kwa jambo hili, kwa sababu inatafuta ndani ya makala nzima, na nyingi humo hazina ikisiri kabisa. Tena majarida mengi ya JSTOR yana ukuta wa muda: miaka mitatu hadi mitano ya karibuni haimo. Ni hazina kwa mwanahistoria. Kwa mada ya simu si mahali pa kuanzia.

Mada yako iko kwenye milango mitatu. Watu wa tiba wako PubMed, wa saikolojia wako PsycINFO, na wa elimu, wanaoandika kuhusu wanafunzi kusinzia darasani, wako ERIC. Ni makundi matatu yasiyosomana sana. Ukitafuta mlango mmoja tu utadhani fani nzima inasema jambo moja.

Vichujio vya pembeni sina mengi ya kusema juu yake. Weka mwaka, kwa mada yako ni halali kabisa. Usiweke tiki kwenye "nakala kamili tu". Tiki hiyo haichuji ubora. Inachuja mkataba wa maktaba yenu na kampuni, na inaficha makala ambazo ungeweza kuzipata kwa njia nyingine: kiungo cha maktaba kinachokupeleka hifadhidata nyingine, nakala huria iliyowekwa na mwandishi, au kuazimishana kati ya maktaba na maktaba. Na ile tiki ya makala zilizopitiwa na wataalamu ujue inahusu jarida, si makala. Tahariri, barua na mapitio ya vitabu vilivyomo ndani ya jarida hilo vinapita nayo bila kupitiwa na mtu.

Sasa mwenzako na Google Scholar yake. Hajakosea sana. Mimi naitumia kila siku kwa kazi mbili: kutafuta makala ninayoijua kichwa chake, na kufuata nyayo. Kufuata nyayo ni hivi. Ukiwa na ile makala yako moja nzuri, marejeleo yake ya mwisho yanakurudisha nyuma kwa waliotangulia. Kwenda mbele, kwa waliokuja baadaye wakaitaja, kunahitaji faharasa maalumu, na aliyeijenga ni Mmarekani Eugene Garfield, aliyetoa faharasa yake ya sayansi mwaka 1964. Ndiyo iliyokuja kuzaa Web of Science, hifadhidata inayoonyesha nani amemtaja nani. Kwenye Google Scholar ni kile kiungo kilicho chini ya kila makala kinachoonyesha imetajwa mara ngapi. Kibofye. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali maneno. Makala iliyosema electronic media na iliyosema smartphone zitakutana hapo kwa sababu zote zimemtaja mtu yule yule. Kama mawakili wa 1985 wangekuwa na njia kama hiyo, "tatizo" na "ugumu" visingewapita kirahisi.

Lakini kwa utafutaji wenyewe inabana. Haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema yapo laki mbili. Haipokei mstari unaozidi herufi 256, na mstari wako wa safu tatu unapita hapo haraka. Haitambui kinyota, na haina istilahi za mada. Kwa hiyo hifadhidata za maktaba ndizo za kutafutia, Google Scholar ni ya kufuatia.

Ile orodha ya akili mnemba. Makala mbili usizoziona, uwezekano mkubwa hazipo. Programu hizi zinaweza kutunga kichwa kinachosikika sawasawa, zikakibandika kwa waandishi wa kweli wa fani hiyo na jarida la kweli, lakini makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili. Weka kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu na ukitafute. Kama kuna namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala, inayoanza na 10 na nukta, ibandike baada ya doi.org/ uone inafungua nini. Isipofungua, au ikifungua makala kuhusu mifupa, nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua juzuu na toleo lililotajwa, angalia ukurasa huo una nini. Ukikuta kitu kingine, futa. Na zile nyingine kwenye orodha yake, ambazo umeziona? Zikague vivyo hivyo kabla hazijaingia kwenye tasnifu, maana kuna ambazo zipo ila hazisemi kile ulichoambiwa zinasema.

Tangu leo fungua daftari, au faili, na kila unapotafuta andika tarehe, jina la hifadhidata, mstari wenyewe neno kwa neno, na idadi iliyopatikana. Ukifanya mapitio ya mfumo, yale yanayokusanya tafiti zote za mada kwa utaratibu uliowekwa, utadaiwa haya yote. Mwongozo wa PRISMA wa 2020, unaofuatwa katika kuripoti mapitio hayo, unataka mkakati kamili wa kila hifadhidata. Hata usipodaiwa, baada ya mwezi mmoja hutakumbuka kama ulishajaribu bedtime au la. Fungua pia akaunti binafsi ndani ya hifadhidata. Bila akaunti, ukitoka tu, utafutaji wako umekwenda. Ukiwa nayo unauhifadhi na kuomba taarifa, na kila makala mpya inayolingana na mstari wako inakujia kwa barua pepe hadi siku utakapokabidhi tasnifu.

Utajuaje umetosheka? Mimi naangalia sura. Nikibadili maneno, nikabadili hifadhidata, nikafuata nyayo mbele na nyuma, na bado zinanijia makala zile zile ninazozitambua kwa majina ya waandishi, naacha. Kama kila utafutaji bado unaleta sura ngeni, bado.

Ukikwama, nenda kwa mkutubi wa maktaba yenu ukiwa na vitu viwili: ile karatasi ya safu tatu na makala moja uliyoipenda. Ukimpelekea mada tupu, atakuanzisha kwa kukuchoresha safu.